Baba wa Watoto, Babu wa Wajukuu: Tunamkumbuka Yupi?

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku, na watu waliochoka. Jina, mwaka wa kuzaliwa, shule alizosoma, kazi alizofanya, ndoa, watoto na wajukuu aliowaacha, ugonjwa uliomchukua. Kisha zinafuata sifa: mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu, mshauri wa wengi. Kila neno hapo huwa la kweli, na karibu kila neno lingeweza kusomwa kwenye msiba wa mzee mwingine pasipo mtu kushtuka.

Sina ugomvi na karatasi hiyo. Familia iliyofiwa ina saa chache, simu hazikatiki, na mambo ya mazishi hayangoji. Ugomvi wangu ni na kinachofuata. Karatasi ile, pamoja na visa viwili vitatu vilivyosimuliwa msibani vikapendwa, hugeuka taratibu vikawa ndiyo mzee mwenyewe. Miaka ikipita, waulize wanawe alikuwa mtu wa namna gani, utapewa visa vilevile kwa maneno yaleyale. Wengi tunadhani hiyo ni kazi ya muda, kwamba miaka ndiyo inayofuta. Mimi naamini sisi wenyewe tunashiriki kufuta. Visa tunavyovirudia huviua vile tusivyovirudia, na baba tuliyempenda kwa dhati hupungua mikononi mwa watu wanaomtaja kila siku.

Hilo halitoki hewani. Mwaka 1994 wanasaikolojia Michael Anderson, Robert Bjork na Elizabeth Bjork walichapisha majaribio ambayo ningependa kila mfiwa ayasikie. Watu walijifunza maneno yaliyopangwa kwa makundi, tuseme matunda na vinywaji. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya kukumbuka nusu tu ya matunda, vinywaji havikuguswa. Walipokuja kupimwa, yale matunda ya mazoezini waliyakumbuka vizuri, na hilo halishangazi. Linaloshangaza ni nusu iliyobaki. Matunda ambayo hayakufanyiwa mazoezi yalikumbukwa vibaya kuliko vinywaji ambavyo navyo hakuna aliyevigusa. Kumbe kukikumbuka kitu kimoja kulikuwa kumekisukuma nyuma kile kilichokaa jirani yake. Mwaka 2007 Alexandru Cuc, Jonathan Koppel na William Hirst wakaongeza jambo zito zaidi kwa familia: msahaulifu hawi msimuliaji peke yake. Msikilizaji anayemfuata kwa makini, akikumbuka naye kimoyomoyo, hupoteza yaleyale ambayo msimuliaji aliyaruka.

Orodha ya matunda si baba, na hakuna anayelia kwenye jaribio. Lakini fikirieni msiba unavyokwenda. Watu wamekaa pamoja siku kadhaa, wanasimulia mambo ya mtu mmoja, wanachagua yanayofaa kusikika, na yaliyopendwa yanaombwa tena kila mgeni akiingia. Sijui mahali pengine ambapo tunafanya zoezi la kukumbuka nusu kwa bidii kiasi hicho, tena wakati nyoyo zetu ziko wazi kupita kawaida.

Kuna na nguvu ya pili. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza alivyowapa watu hadithi ngeni ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, akawataka waisimulie, kisha waisimulie tena baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilizidi kufupika na kufanana na zile walizozizoea. Mtumbwi uligeuka kuwa mashua ya kawaida, uwindaji wa sili, mnyama wa baharini, ukawa uvuvi wa samaki, na mambo ya ajabu yasiyoeleweka yakadondoka kabisa. Kinachodondoka kwanza ni kile kisichofanana na kitu tunachokijua. Nacho, kwa marehemu, ndicho kilichokuwa chake peke yake. Baba mwenye bidii tunamjua, kila mtu anamjua. Baba aliyekuwa anacheka kabla ya kumaliza kisa chake mwenyewe, hata hakuna aliyewahi kusikia mwisho wake, huyo hana mahali pa kukaa katika wasifu, na asiposemwa ataondoka.

Huyo alikuwa baba yangu. Alipofariki, kisa kilichoshinda vingine vyote ni cha usiku aliotembea mpaka kunakucha kwenda kumwona mwanawe aliyelazwa. Ni cha kweli, nami nakipenda. Yeye mwenyewe hakuwahi kukitaja. Lakini kimesimuliwa sana kiasi kwamba sasa kinasimama mbele ya mambo mengine yote. Nyuma yake yuko mtu aliyekuwa akibishana kwa kalamu na waandishi wa magazeti, akijaza pembezoni mwa ukurasa "Si kweli" na "Umelijuaje hili?" Yuko mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti kinachoyumba bila kukipindua kwanza atafute msumari uliolegea. Yuko mtu aliyebisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwa watoto wake, hata tulipokuwa wadogo, na akangoja kujibiwa. Katika siku zote za msiba sikusikia hata mmoja akiligusa jambo hilo la hodi. Na kama ningeulizwa ni kipi kilinifundisha heshima ya binadamu, ningetaja hicho kabla ya safari ya usiku.

Sasa tuje kwa babu, kwa maana hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa tajiri.

Siku chache baada ya mazishi, binti wa dada yangu alisema, kama anayesema jambo la kawaida kabisa, kwamba babu aliwahi kumwomba radhi. Alimkaripia kwa kosa lisilokuwa lake, alipojua ukweli akamfuata, akaketi karibu naye, akamwambia, "Mjukuu wangu, nimekukosea. Nisamehe." Sisi watoto wa mzee tulitazamana. Kwetu sisi baba hakuwahi kulitamka neno hilo. Akikukosea, kesho yake ungekuta kiatu chako kilichofumuka kimeshonwa, au mnyororo wa baiskeli yako umetiwa mafuta, na ilikuwa juu yako kuelewa. Kaka yangu mkubwa hakukubali upesi. "Babu yako huyuhuyu?" akauliza. "Alisema kwa mdomo wake?" Binti akamwangalia kwa mshangao. "Ndiyo, mjomba. Si babu alikuwa akisema hivyo siku zote?"

Nimelirudia swali la binti huyo mara nyingi moyoni. Maana yake ni kwamba tulizika watu wawili. Watoto walimzika mwanamume aliyejifunza ubaba akiwa na mzigo mabegani, mwenye haraka, mwenye hofu ya kesho, aliyeona kulainika ni hatari. Wajukuu walimzika mzee mwenye muda, ambaye malezi hayakuwa tena dhamana yake, na ambaye aliweza kumtazama mtoto bila kuuliza atakuja kuwa nani. Wote wawili ni yeye. Tena nadhani yule wa pili alikuwa akimjibu yule wa kwanza: radhi aliyoshindwa kuwaomba watoto aliipeleka kwa watoto wao. Wanaotaka wasifu wenye sauti moja watalazimika kuchagua mmoja, na kwa kuwa watoto ndio wakubwa na ndio wenye kipaza sauti, wajukuu watasimama kusoma shairi fupi na kuketi. Ushahidi wao hauombwi. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema. Lakini wajukuu walikuwapo.

Kuna sababu nyingine ya kuwauliza wajukuu, nayo huwashangaza wengi. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba mtu mzima akiombwa kusimulia maisha yake, mambo mengi zaidi huyatoa kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo miaka ya shule, ya kazi ya kwanza, ya kupenda, ya kuondoka nyumbani. Na mwaka 1963 daktari wa akili Robert Butler aliandika kwamba mazungumzo ya wazee kuhusu zamani, ambayo vijana huyaona ni kupotewa na akili, ni kazi halali ya uzeeni: mtu anaipitia safari yake aipatanishe. Yaunganishe hayo mawili. Mzee aliyekuwa ameketi na mjukuu akisema, alikuwa akimpa habari za ujana wake, yaani miaka ambayo watoto wake hawakuwapo duniani, na ambayo alipokuwa na nguvu hakuwa na nafasi ya kuisimulia. Katika familia nyingi, anayejua jina la rafiki wa kwanza wa babu ni mtoto wa darasa la nne.

Basi wajukuu wanashika mwanzo wa maisha yake na mwisho wake. Watoto wanashika katikati. Lakini hebu tuipime hiyo katikati. Mtu mzima kwa kawaida hakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka 3 au zaidi kidogo, na ya miaka michache inayofuata anayakumbuka kwa vipande. Maana yake, miaka ambayo baba alikuwa mchanga katika ubaba, alipombeba mtoto wa kwanza asijue mkono uende wapi, alipoamka usiku akiogopa homa, haipo katika kichwa cha mtoto yeyote. Yeye mwenyewe hakuisimulia sana. Inabaki kwa mama, kama yu hai. Inabaki kwa shangazi, kwa baba wadogo, kwa waliofanya naye kazi na kuketi naye jioni. Watu hao ni wa rika lake au karibu na hapo. Nao watamfuata.

Hii ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kungoja. Wafiwa huambiwa wapumzike kwanza, hayo ya kuandika na kukusanya yatafanywa mambo yakitulia, pengine kwenye kumbukumbu ya mwaka. Nafahamu huruma iliyo ndani ya maneno hayo, na yupo mfiwa ambaye kweli haliwezi jambo hilo mapema, asilazimishwe. Lakini miezi ya mwanzo ndiyo ambayo visa bado havijapangwa foleni. Bado mtu anasema kitu alichokikumbuka tu kwa sababu amekutana na koti lililotundikwa. Bado wazee wanapiga simu wenyewe. Mwaka ukipita, foleni imeshajipanga, na cha mbele ni kilekile.

Wala kumkusanya marehemu hakumzuii mtu kuendelea na maisha. Kwa muda mrefu iliaminika kinyume chake. Mwaka 1917 Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliandika kwamba kazi ya majonzi ni kuung'oa moyo, kidogo kidogo, kutoka kwa aliyeondoka. Maisha yakamjibu. Binti yake Sophie alifariki Januari 1920, na mwaka 1929, siku ambayo angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, naye pia baba aliyefiwa na mtoto, kwamba pengo la namna hiyo halizibiki kamwe, na kwamba ndivyo ipasavyo kuwa. Wataalamu walichelewa kumfikia huyo Freud wa pili. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya tafiti zilizoonyesha kwamba wafiwa wengi huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao, na kwamba uhusiano huo ni sehemu ya afya yao. Miaka mitatu baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut wakaeleza jinsi mfiwa anavyokwenda na kurudi: leo anaukabili msiba, kesho anashughulika na maisha, na kurudi huko na huko ndiko kunakomponya. Kwa kazi ninayoisema hilo ni muhimu. Haifanywi kwa kikao kimoja kirefu cha kuumiza. Inafanywa kwa vipande, mtu akichoka anaiacha.

Nimeulizwa na ndugu mmoja kama si aibu kuandika mabaya ya mzee. Nilimwelewa, marehemu hajitetei. Lakini ninaona tunamdhulumu zaidi tukimsafisha. Baba yangu alikuwa mgumu kuomba radhi, aliyeshikilia neno lake hata lilipokwisha kumshinda, na aliyeweza kukaa kimya muda mrefu mpaka nyumba nzima ikawa inasikiliza kimya chake. Ukiyaondoa hayo, radhi aliyomwomba mjukuu inabaki tabia njema tu ya mzee mpole. Ukiyaacha mahali pake, unaona mtu aliyefanya kazi ya nafsi kwa miaka mingi bila kumwambia yeyote, akafika. Nampenda zaidi huyo. Naye ndiye atakayemfaa mjukuu wake mgumu, ambaye kwa hakika yumo miongoni mwetu, siku atakapojiona ameshindikana.

Mipaka ipo. Siri aliyoaminiwa mtu na mzee si mali ya ukoo. Jeraha la aliyekosewa ni lake yeye kulisema au kulinyamazia, na mtoto mdogo hapewi kila kitu. Zaidi ya hapo ningeiacha milango wazi.

Wadogo kabisa wanahitaji neno la peke yao. Mjukuu aliyekuwa na miaka miwili babu yake alipofariki hatabaki na kitu chochote chake mwenyewe. Atakachokuwa nacho ni tulichompa. Robyn Fivush na Marshall Duke wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima kama mtoto anaijua historia ya familia yake: babu na bibi zake walikutana wapi, wazazi wake walikulia wapi, ni shida gani iliwahi kuwapata. Waliokuwa na majibu mengi walionekana kujithamini zaidi na kuhisi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Watafiti wenyewe wametahadharisha kwamba hakuna uchawi katika majibu hayo, kwamba kumkaririsha mtoto hakutamsaidia. Kinachofanya kazi ni mazungumzo yenyewe, mara nyingi, kwa miaka, na watu wanaompenda. Ndiyo maana siamini sana vitabu vya kumbukumbu vilivyojaladiwa vizuri vikawekwa kabatini. Siamini pia wingi wa picha. Picha tunapiga siku za sherehe, mzee amevaa suti asiyoipenda. Hakuna aliyempiga akiwa amekipindua kiti.

Sauti ni jambo jingine. Kama simu zenu bado zina ujumbe wa sauti wa mzee, hata ule wa kuuliza tu mmefika salama, uhamisheni leo, na uwekwe mahali pawili au zaidi. Simu huharibika, na akaunti hazidumu: tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha na barua zilizomo. Familia nyingi hazijui kwamba saa hiyo inahesabu.

Mwanafalsafa John Mbiti aliandika mwaka 1969 juu ya marehemu ambao bado wangali hai kwa namna fulani, kwa kuwa yuko mtu aliyewajua kwa macho na anayewataja kwa majina. Anapokufa shahidi wa mwisho, hatua hiyo hufungwa. Mjerumani Jan Assmann, mtaalamu wa Misri ya kale aliyechunguza kumbukumbu za jamii, kwa njia yake tofauti, alikadiria kwamba kumbukumbu inayopitishwa kwa mazungumzo ya kawaida huishi miaka 80 hadi 100. Kwa baba yangu hesabu hiyo ina sura. Mjukuu wake mdogo mwenye kumbukumbu zake mwenyewe ana miaka saba. Mungu akimjalia uzee, yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho duniani kusema "nilimwona," na atayasema hayo sisi sote tukiwa tumeshaondoka, hatupo wa kumrekebisha. Kwa hiyo nimeacha kumrekebisha sasa. Anasema babu alikuwa mrefu kuliko mlango. Anasema babu alijua kupiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani. Hilo la pili nilidhani amelitunga, mpaka shangazi yangu, ambaye ni dada wa baba, aliposema kwamba ndivyo walivyokuwa wakiitana utotoni, ili baba yao asijue ni nani aliyepiga.

Tunaendelea kukusanya. Shangazi na baba mdogo hawapatani juu ya sababu ya baba kuacha kazi yake ya kwanza: shangazi anasema aligombana na mkubwa wake akitetea mwenzake aliyeonewa, baba mdogo anasema alichoka tu, akatafuta palipo bora. Kaka yangu alitaka tuchague lenye kumpa heshima. Tumeandika yote mawili, na chini yake jina la aliyesema. Wiki ijayo tunakwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi naye miaka hiyo, na binti wa dada yangu ndiye atakayeuliza maswali.